Santuri Isiyo na Majina

Kuna msemo umeenea siku hizi, nami nimeusikia kwa watu wenye akili timamu, wengine wao niliowafundisha mwenyewe. Husema: muziki ni muziki, ukiupenda unausikiliza, usipoupenda unazima, habari za nani alipiga, lini na wapi, ni mambo ya maprofesa. Msemo huu unaonekana kuwa na busara kwa sababu ni mfupi. Mimi naupinga, na nitaupinga kwa mfano wa muziki nilioufuatilia kwa zaidi ya miaka hamsini, yaani jazi ya kale ya Wamarekani Weusi, na biashara ya kuzitoa upya rekodi zake. Dai langu ni hili: mtu anayetoa upya rekodi ya zamani bila kutaja waliopiga, tarehe na mahali, na bila kuitunza sauti yao kama walivyoiacha, anauza mali ya watu waliokwisha kuibiwa mara moja, na kwa kufanya hivyo anawaibia mara ya pili.

Nianze kwa kuondoa utata wa neno lenyewe. Hapa kwetu jina Jazz tulilibandika kwenye bendi zetu za dansi: Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz. Bendi hizo zilikuwa zetu, na muziki wake ulichanganya rumba ya Kuba na Kongo pamoja na ngoma za nyumbani. Jina tu ndilo lililotoka Marekani. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyozaliwa New Orleans karne ya 19 ilipokuwa inakwisha na ya 20 inaanza, kisha ikahamia Chicago na New York pamoja na maelfu ya watu weusi waliokimbia dhiki na ubaguzi wa Kusini. Ni muziki ambao mpigaji hupewa wimbo kama mwalimu anavyopewa mada, halafu hutakiwa aufundishe kwa maneno yake mwenyewe, papo hapo, mbele ya watu.

Mimi niliupata redioni. Nilipokuwa mwanachuo wa ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, bwenini kwetu kulikuwa na redio moja ya betri. Usiku, katika masafa mafupi, Sauti ya Amerika ilikuwa na kipindi cha jazi kilichoendeshwa na Willis Conover, ambaye alikianza mwaka 1955 akadumu nacho mpaka alipofariki mwaka 1996. Aliongea Kiingereza cha polepole ambacho hata sisi wa bara tulikifuata. Ninavyomkumbuka, hakuwa mtu wa kupiga wimbo akauacha yatima. Alitaja bendi, akawataja wapigaji, akataja mwaka. Kwa njia hiyo nilijifunza tangu mwanzo kwamba muziki huu ni kazi ya watu fulani, waliokaa katika chumba fulani, siku fulani.

Hebu tuwatazame watu hao. Mwezi Aprili 1923 bendi ya King Oliver, iliyoitwa Creole Jazz Band, ilisafiri kutoka Chicago hadi Richmond, mji mdogo katika jimbo la Indiana, kwenda kurekodi kwa kampuni ya Gennett. Maikrofoni zilikuwa bado hazijaanza kutumika katika kurekodi santuri za biashara. Zilianza mwaka 1925. Wapigaji walijipanga mbele ya pembe kubwa iliyopokea sauti na kuipeleka kwenye sindano iliyochora mfereji katika nta. Ngoma kubwa haikuruhusiwa, kwani mshindo wake ungeirusha sindano. Reli ilipita karibu na studio, na treni ilipokuja kazi ilisimama. Kijana Louis Armstrong alikuwa mpigaji wa pili wa koneti, lile tarumbeta fupi, na inasimuliwa kwamba aliwekwa mbali nyuma ya wenzake kwa kuwa pumzi yake ilizimeza sauti zao. Kila wimbo ulipaswa kwisha kwa takriban dakika tatu, maana santuri ya inchi 10 haikubeba zaidi.

Mwaka huo huo Bessie Smith, mwimbaji wa bluzi, alianza kurekodi kwa Columbia huko New York. Santuri zake zilinunuliwa kwa wingi sana, lakini yeye alilipwa ujira wa mara moja kwa kila wimbo, mrabaha hakupewa. Mwezi Januari 1925 aliimba huku Armstrong akimjibu kwa koneti katika «St. Louis Blues», na ninawaomba wanaosema muziki ni muziki wausikilize wimbo huo kisha waniambie kama haidhuru kujua nani anajibizana na nani. Bessie Smith alifariki mwaka 1937 baada ya ajali ya gari. Kaburi lake huko Pennsylvania lilikaa bila jiwe la jina kwa miaka 33. Jiwe liliwekwa mwaka 1970, likilipiwa na mwimbaji Janis Joplin na mama mmoja aitwaye Juanita Green, ambaye utotoni alifanya kazi nyumbani kwa Bessie. Na mwaka huo huo wa 1970 Columbia ilianza kuzitoa upya rekodi zake zote kwa utaratibu, chini ya usimamizi wa Chris Albertson.

Nimeyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa makusudi. Kwa wapigaji wengi wa zamani, toleo jipya la rekodi zao ndilo jiwe la kaburi walilonalo. Hawakuacha majumba wala fedha. Waliacha dakika tatu, na jina kando yake. Ukiziuza zile dakika tatu na kulitupa jina, umeling'oa jiwe la kaburi ukaenda kujengea ukuta wako.

Wapo watakaoniambia kwamba hata santuri za mwanzo hazikutaja majina ya wapigaji. Ni kweli. Santuri zile, hasa zilizotengenezwa kwa ajili ya wanunuzi weusi na kuorodheshwa mbali na za wazungu, ziliandika jina la bendi na la wimbo, basi. Lakini ubaya wa jana si hati ya kuhalalisha ubaya wa leo. Isitoshe, kosa lile lilikwisha kusahihishwa, tena kwa jasho la watu ambao hawakulipwa. Mwaka 1936 Mfaransa Charles Delaunay alichapisha Paris orodha ya rekodi za jazi yenye majina ya wapigaji na tarehe. Mwingereza Brian Rust akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuorodhesha rekodi za jazi mpaka zile za mwaka 1942. Watu kama hao waliwaandikia barua wapigaji wazee, wakapekua daftari za makampuni, wakalinganisha namba zilizochongwa katika santuri. Leo majina yamo vitabuni. Mchapishaji asiyeyaandika hawezi kudai kwamba hayajulikani. Anayaacha kwa uvivu au kwa dharau.

Na wenye makampuni wasidhani kwamba muziki huu ulihifadhiwa na wao peke yao. Kwa rekodi nyingi za miaka ya 1920 yale mabamba ya chuma yaliyotumika kukandamizia santuri hayapo tena. Yaliyeyushwa, yaliuzwa kama vyuma chakavu, au yalitupwa. Kilichobaki ni santuri zilizouzwa madukani, zilizochezwa kwa sindano za chuma katika sebule za watu, kisha zikaokotwa na wakusanyaji katika maduka ya vitu vikuukuu na katika nyumba za wajane. Hata pale mabamba yalipokuwepo ilibidi mpenzi wa muziki aje kuyatafuta. Mwaka 1940 Columbia ilimkabidhi kazi hiyo kijana George Avakian, wakati huo akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, naye akatoa upya rekodi za Armstrong ambazo zilikuwa hazipatikani, pamoja na nyingine ambazo hazikuwahi kutolewa kabisa. Kwa hiyo toleo jema lilianza kama kazi ya mwanafunzi anayejua anachokitafuta, na mpaka leo halitengenezeki kwa njia nyingine.

Sasa niyaseme makosa yenyewe. La kwanza ni hilo la majina. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Ulaya aliniletea zawadi ya sanduku lenye CD kumi za jazi ya kale. Nilimshukuru kwa moyo wote, na moyo wake bado naushukuru. Lakini sanduku lile ni aibu. Juu kuna picha ya Armstrong anacheka. Ndani hakuna tarehe hata moja, hakuna mji, hakuna jina la mpigaji yeyote ila kiongozi wa bendi. Wimbo mmoja umo mara mbili chini ya majina mawili tofauti. Mwingine, ambao kwa jinsi ulivyopangwa ungedhani ni wa miaka ya 1920, si wa miaka hiyo. Ni ule aliourudia Armstrong akiwa mtu mzima, bendi nyingine kabisa nyuma yake. Kampuni iliyolitoa silitaji jina, kwani ina ndugu zake wengi sokoni wanaofanana nayo kama mapacha.

Nimekuwa mwalimu na baadaye mkuu wa chuo cha ualimu, na kanuni yangu moja walimu wanafunzi waliijua kabla hawajafungua masanduku yao: daftari lisilo na jina halisahihishwi. Si kwa ukali. Daftari lisilo na jina halina mtu wa kusifiwa likiwa zuri, wala wa kusaidiwa likiwa baya. Sanduku lile ni daftari lisilo na jina.

Na simu za mkononi, ambazo vijana huzisifu kwamba zina muziki wote wa dunia, hazijaniridhisha katika jambo hili. Mjukuu wangu alinitafutia humo nyimbo za Hot Five, lile kundi ambalo Armstrong alianza kurekodi nalo huko Chicago tarehe 12 Novemba 1925. Zilipatikana mara moja, nami nikafurahi. Nikamwuliza, anayepiga piano ni nani? Akatafuta, akasema, Babu, hapa wameandika Louis Armstrong tu. Nikamwuliza, ni mwaka gani? Akanisomea mwaka ambao yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzaliwa! Ulikuwa mwaka wa toleo, si wa rekodi.

Basi nilimwambia, na sasa nakwambia wewe msomaji. Piano alipiga Lil Hardin, mke wa Armstrong wakati huo, mwanamke aliyesoma muziki na aliyemsukuma mumewe atoke kivulini mwa King Oliver akasimame peke yake. Armstrong alifariki tarehe 6 Julai 1971. Tarehe 27 Agosti mwaka huo huo Lil alianguka akafa Chicago, akiwa anapiga piano katika onyesho la kumkumbuka. Tromboni alipiga Kid Ory, ambaye mambo yalipoharibika miaka ya 1930 aliacha muziki akaenda kufuga kuku California, kisha akarudi jukwaani. Klarineti alipiga Johnny Dodds, aliyefariki mwaka 1940, kabla dunia haijatambua vizuri alichokifanya. Banjo alipiga Johnny St. Cyr, ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kupiga lipu nyumba za watu. Mjukuu wangu alinyamaza kidogo, akaniomba niurudie wimbo. Safari hii alisikiliza piano. Huyo ndiye shahidi wangu dhidi ya msemo wa muziki ni muziki: jina lilimpa mtoto sikio ambalo dakika kumi kabla hakuwa nalo.

Kosa la pili ni la kuosha. Santuri ya zamani ina mkwaruzo, kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Zimeundwa mashine na programu za kuuondoa mkwaruzo huo, na zikitumiwa kwa kiasi ni msaada mkubwa. Lakini mkwaruzo haukai mahali pake peke yake ukisubiri kufagiliwa. Umeenea katika sauti zile zile za juu ambamo mna mguso wa ulimi katika mdomo wa tarumbeta, upepo ndani ya klarineti, ukali wa waya za banjo, na matoazi. Anayeuondoa wote huondoa na hivyo. Ni kama mtu anayepeta mchele kwa hasira: pumba zimetoka, na nusu ya mchele iko chini kuku wanaila. Kinachobaki ni Armstrong anayepiga akiwa amefunikwa blanketi. Halafu wanaandika juu ya jalada kwamba sauti imesafishwa kwa ufundi wa kisasa.

Wenzao wa miaka ya 1960 walikuwa na dhambi nyingine. Stirio ilipokuwa ndiyo fasheni, makampuni makubwa yalichukua rekodi zilizonaswa kwa njia moja ya sauti, yakazigawa kwa nguvu, sauti nzito upande huu na nyembamba upande ule, yakaziita stirio. Kijana aliyenunua alisikia bendi ikiwa kama imepigiwa pangoni. Aliambiwa kwamba hayo ni maendeleo.

Dhidi ya hao namtaja mtu mmoja aliyeijua kazi, Mwingereza John R. T. Davies, aliyefariki mwaka 2004. Alikuwa mpiga muziki mwenyewe. Kwanza alitafuta nakala iliyo nzima kuliko zote, hata ikibidi kuazima kwa wakusanyaji kadhaa. Pili alichagua sindano kwa kila santuri, kwani mfereji wa santuri ya kale ni mpana kuliko wa santuri zilizokuja baadaye, na sindano yenye unene unaofaa hupita katika sehemu ya mfereji ambayo sindano za zamani hazikuila. Tatu aliangalia mwendo: santuri zile huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini nyingi hazikurekodiwa kwa mizunguko 78 kamili, na ukiziendesha vibaya bendi nzima hupanda au kushuka sauti. Baada ya hayo ndipo aliposhughulikia milio ya mikwaruzo, mmoja mmoja, kwa mkono. Sanduku la CD nne za Hot Five na Hot Seven alilolitayarisha kwa kampuni ya JSP, lililotoka mwaka 1999, ninalo. Mkwaruzo umo. Na Armstrong yumo, chumbani, umbali wa hatua tatu.

Usidhani jambo la mwendo ni la rekodi za kale mno tu. «Kind of Blue» ya Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka 1959, ni miongoni mwa santuri za jazi zilizonunuliwa sana kuliko zote. Siku ya kwanza ya kazi, tarehe 2 Machi, mashine ya kunasia ilikuwa inakwenda polepole kuliko ipasavyo, kwa hiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilipochezwa kwa mwendo wa kawaida zilisikika juu kidogo kuliko zilivyopigwa. Wanafunzi wa muziki waliojaribu kupiga pamoja na santuri hiyo walijikuta hawalingani nayo. Kosa lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992, kwa kutumia kanda ya akiba iliyonaswa na mashine nyingine. Miaka zaidi ya thelathini! Hapo utaona kwamba kutoa upya kunaweza kuwa kazi ya kurudisha ukweli mahali pake.

Mfano mwingine ni wa Duke Ellington. Tarehe 7 Julai 1956, kwenye tamasha la Newport, mpiga saksafoni wake Paul Gonsalves alizunguka mapito 27 mfululizo huku watu wakipanda juu ya viti. Santuri iliyotoka mwaka huo iliuzwa kama rekodi ya tamasha, kumbe sehemu kubwa yake ilirudiwa studio baadaye, na makofi yakapachikwa. Gonsalves mwenyewe alisikika kwa mbali, kwa kuwa alipigia maikrofoni ya Sauti ya Amerika badala ya ile ya kampuni. Baadaye kanda ya Sauti ya Amerika ilipatikana, na mwaka 1999 Phil Schaap akaziunganisha kanda hizo mbili, watu wakalisikia tamasha lililotokea kweli. Hilo ni toleo lenye sababu ya kuwepo. Mtu aliyekwisha kuwa na santuri ya kwanza ana haki ya kununua hili na asijione ameibiwa.

Sasa niwajibu wanaonipinga. Wa kwanza husema: mzee, wewe unataka vitabu vya kurasa hamsini na masanduku ya gharama, wakati watu maskini wanapata muziki huu kwa bei ya soda. Nami ni mtu wa pensheni. Bei rahisi naijua thamani yake kuliko wao. Lakini majina matano na tarehe moja huchukua mistari miwili. Jalada lile lenye picha ya Armstrong anacheka lilikuwa na nafasi ya kutosha kutangaza masanduku mengine kumi na mawili ya kampuni hiyo hiyo. Nafasi haikukosekana, ila heshima.

Wa pili husema: rekodi hizi sasa ni huru kisheria, kila mtu anaweza kuzitoa. Ni kweli, nami nalishangilia jambo hilo. Katika nchi za Ulaya rekodi zilizotolewa kabla ya mwaka 1963 zimekwisha kuwa huru. Marekani ilichelewa sana, lakini sheria ya mwaka 2018 iliweka utaratibu: tarehe 1 Januari 2022 zikawa huru zote zilizotolewa kabla ya 1923, na tarehe 1 Januari 2024 zikafuata za mwaka 1923, mwaka wa King Oliver. Lakini kitu kuwa huru maana yake hakuna wa kukudai fedha. Haina maana kwamba hudaiwi chochote. Maji ya kisima cha kijiji ni huru, na bado anayetupa takataka kisimani huitwa mbele ya wazee.

Wa tatu ni wakusanyaji wenzangu, nao nawasema bila kuwaogopa. Kuna mkusanyaji anayenunua kwa sababu kitu ni adimu. Ana santuri ambayo zimebaki nakala mbili duniani, naye hataki iwe tatu. Akiombwa aiazime ili itolewe upya, hukataa. Huyo na yule mwenye sanduku lisilo na majina ni ndugu: mmoja ameuficha muziki, mwingine ameuficha aliyeupiga. Na kuna yule anayetaka kila kitu: kila jaribio lililoharibika, kila mara mpigaji aliposimama akakohoa. Kazi hiyo ina mahali pake kwa watafiti. Dean Benedetti, kwa mfano, alimfuata Charlie Parker mwaka 1947 na 1948 akinasa hasa pale Parker alipopiga peke yake, na kampuni ya Mosaic ilifanya vema mwaka 1990 kuzitoa rekodi hizo. Lakini msikilizaji wa kawaida usimpe wimbo mmoja mara tano mfululizo ukamwambia huo ndio ukamilifu. Mhariri kazi yake ni kuchagua, na akichagua, aseme kwa nini.

Kwa hiyo mimi hulipima toleo kwa maswali matano, nayo nayaacha hapa kwa yeyote anayetaka kuanza. Kwanza, limetaja waliopiga, kila mmoja na chombo chake? Pili, limetaja siku na mji wa kurekodiwa? Tatu, limesema sauti imetoka wapi, kwenye bamba, kanda, au santuri ya nani? Nne, limemtaja fundi aliyeihamisha sauti hiyo, ili tujue wa kumsifu au wa kumlaumu? Tano, nikifunga macho, nasikia pumzi ya mtu, au nasikia usafi tu? Toleo likishindwa maswali matatu, lirudishe dukani hata kama ni la bei ya karanga. Likifaulu yote, linunue hata kama utakula maharage wiki nzima.

Naijua sauti itakayosema kwamba haya ni ya Marekani, yanatuhusu nini. Louis Armstrong mwenyewe alipozunguka Afrika mwaka 1960 alipiga Leopoldville na Nairobi, na watu wa huku hawakuuliza yanawahusu nini, walikwenda kumsikiliza. Lakini jibu langu kubwa liko karibu zaidi. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi zetu kwenye kanda miaka mingi, na nyimbo zile sasa zinasambaa kwenye simu, kwenye vibanda na kwenye masoko ya nje. Wengi wetu tunamjua Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Nani anaweza kunitajia, bila kusitasita, aliyepiga gitaa la pili nyuma yake, na la besi, na tumba, na siku waliyoingia studio? Wapo wanaokumbuka. Ni wazee wa rika langu na zaidi, na kila mwaka tunazika baadhi yao. Jazi ya Marekani ilipata Delaunay wake na Rust wake wakati wapigaji wengi walikuwa bado hai kuulizwa. Sisi muda huo ndio tulionao sasa, nao unakwisha.

Kwa hiyo, kijana mwenye kinasa sauti mfukoni, usingoje kampuni. Nenda kwa mzee wa bendi aliye mtaani kwako, mchezee wimbo, muulize nani huyu, nani yule, ilikuwa lini. Andika majina kamili, na mwaka. Siku mtu atakapokuja kuutoa upya muziki huo, akisema majina hayajulikani, utamwonyesha daftari.